Kwa Wewe Unayeanza Kufundisha Somo la Kufanywa Wana wa Mungu

Umekabidhiwa darasa la waumini wapya, na kwenye ratiba kuna somo la kufanywa wana. Nimelifundisha kwa miaka mingi, na kabla ya mengine yote naomba ushike jambo hili: anza na hadhi aliyopewa mwamini, ndipo uje kwenye hisia zake. Walimu wengi wapya hukimbilia utamu wa kumwita Mungu Baba. Darasa hutokwa na machozi, watu hukumbatiana, na wiki chache baadaye yule aliyelia kuliko wote anakufuata pembeni kukuuliza kama bado ni mtoto wa Mungu, maana siku hizi akiomba hahisi kitu. Ukiwa ulimjenga juu ya hisia, huna la kumjibu. Ukiwa ulimjenga juu ya alichofanya Mungu, mrudishe pale pale, atasimama.

Maandalizi yako yaanzie kwenye sehemu tano ambazo Paulo anataja jambo hili waziwazi: Warumi 8:15, 8:23 na 9:4, Wagalatia 4:5, na Waefeso 1:5. Zisome zote kwa kikao kimoja. Utaona kwamba kila moja inalishika jambo kwa upande wake. Waefeso inakurudisha kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, kwenye mapenzi ya Mungu mwenyewe. Wagalatia inakuonyesha gharama: Mwana alitumwa, akazaliwa chini ya sheria, akawakomboa waliokuwa chini ya sheria, ndipo wakapokea hali ya kuwa wana. Warumi 8:15 ni ya leo, Roho anapotufanya tulie "Aba, yaani, Baba". Aya ya 23 ya sura hiyo hiyo inasema bado tunangoja kufanywa wana, yaani ukombozi wa mwili. Warumi 9:4 inakumbusha kwamba Israeli walitangulia kupewa heshima hii. Mungu alikwisha kumwambia Farao kuwa Israeli ni mwanawe, mzaliwa wa kwanza wake (Kutoka 4:22). Mwalimu anayeijua moja tu kati ya hizi atafundisha robo ya somo akidhani amelimaliza.

Wasaidie pia wanafunzi waone walichosikia wasomaji wa kwanza. Katika ulimwengu wa Kirumi, kuasili, yaani kumfanya asiye wa damu yako kuwa mwanao kisheria, hakukuwa hasa habari ya kumhurumia mtoto mchanga aliyetupwa. Mara nyingi aliyeasiliwa alikuwa mtu mzima, na shabaha ilikuwa mrithi: nani atabeba jina la nyumba, mali yake na heshima yake. Kaisari Augusto alimwasili Tiberio mwaka 4 baada ya Kristo, Tiberio akiwa na miaka 44. Mwaka 50 Kaisari Klaudio alimwasili Nero ingawa alikuwa na mwana wake wa kumzaa, Britaniko. Paulo alipowaandikia Warumi, karibu na mwaka 57, aliyeketi kwenye kiti cha enzi alikuwa Nero huyo huyo. Waumini wa mji ule hawakuhitaji kueleweshwa kwamba mtu anaweza kuingia katika nyumba isiyo ya damu yake na kurithi kila kitu. Walikuwa wakitawaliwa na mmoja wa namna hiyo.

Hapa nikuonye kidogo. Utasikia ikihubiriwa kwamba Mrumi aliyeasiliwa alifutiwa madeni yake yote. Kuna aina moja ya kuasili ambayo kisheria ilifanya hivyo, lakini baadaye mahakimu waliwapa wadai njia nyingine ya kudai chao. Usitundike ondoleo la dhambi kwenye msumari huo. Msamaha una maandiko yake ya kutosha.

Na hilo linanileta kwenye mkanganyiko ambao hutaukwepa. Wanafunzi huchanganya kuhesabiwa haki, kuzaliwa mara ya pili na kufanywa wana, na walimu wengi huyapitisha yote matatu katika sentensi moja. Usifanye hivyo. Hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa, akamwambia hana hatia, nenda zako, na mambo yao yakaishia hapo. Hakuna anayetazamia hakimu amchukue nyumbani kwake, ampe jina lake na kumwandika kwenye wosia. Mungu amefanya yote mawili. Kuhesabiwa haki kunanyoosha msimamo wetu mbele ya sheria yake. Kufanywa wana kunatuingiza nyumbani mwake. Kuzaliwa mara ya pili ni jambo la tatu: ni uhai mpya ndani yetu, ili aliyepewa nafasi ya mwana awe pia na moyo wa mwana. Yohana 1:12-13 imeyaweka pamoja mawili kati ya hayo, haki ya kufanyika watoto na kuzaliwa kwa Mungu, nami hupenda kulifundishia darasa kutoka hapo. Walioandika Ungamo la Westminster, tamko la imani la makanisa ya Kipresbiteri lililokamilika mwaka 1646, waliliona jambo hili linastahili sura yake, ile ya 12, ingawa ina aya moja tu. Isome. Kwa ufupi wake inataja mambo ambayo mahubiri mengi hayafiki: kupata ujasiri wa kukikaribia kiti cha neema, kuhurumiwa, kulindwa, kurudiwa, yaani kuadibishwa, kama na baba, na kutotupwa kamwe.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningependa uipe muda kuliko zote, hata kama itakubidi ukate nyingine. Watu wengi wanaosema wao ni wana wa Mungu wanaishi nyumbani mwake kama watumishi wa mshahara. Hutaligundua kwa maneno yao, kwa sababu wanajua majibu sahihi. Sikiliza wanavyoomba. Mtumishi huanza kwa kuorodhesha: Bwana, nimefunga, nimetoa, sijakosa ibada. Au huanza kwa kukwepa, akikaa siku kadhaa bila kuomba baada ya kutenda dhambi, akisubiri kwanza awe msafi kidogo ndipo amkaribie. Wote wawili wana imani moja, kwamba mahali pao nyumbani panategemea kazi yao.

Luka 15 inawaonyesha wote wawili. Mwana mdogo anarudi na hotuba aliyoitunga njiani, na mwisho wake ni ombi la kufanywa kama mmoja wa watumishi. Mwangalie baba: anamsikia akikiri dhambi, kisha anaita vazi, pete na viatu kabla lile ombi la utumishi halijatamkwa. Baba anapokea toba. Ombi lile hakulipa nafasi hata ya kusemwa. Halafu mwangalie mkubwa. Hajaondoka nyumbani hata siku moja, na bado anachosema kwa baba yake ni kwamba amemtumikia miaka mingi na hajapewa hata mwana-mbuzi. Baba anamjibu kwa kumwita mwanangu, na kumwambia vyote alivyo navyo ni vyake. Alikuwa mrithi aliyekuwa akihesabu siku za kibarua. Huwa naliuliza darasa ni yupi kati yao wawili aliyekuwa mbali zaidi na baba, kisha nanyamaza. Nawe jizoeze kunyamaza hapo. Usiwajibie. Wapo wanaojitambua katika ukimya huo, na kwa kawaida ni wale waliolelewa kanisani tangu utoto.

Katika kila darasa pia kuna mtu ambaye "Baba" kwake ni jeraha. Aliyemzaa alimpiga, au alimkimbia, au alikuwepo na hakumtazama. Usimwambie Mungu ni kama baba yako ila bora zaidi. Usimshinikize pia asimulie. Njia niliyoiona ikisaidia ni kumweka kando baba wa duniani na kuanza na Yesu: tusome jinsi Baba alivyomtendea Mwana, jinsi alivyosema juu yake pale Yordani, jinsi Mwana alivyomlilia "Aba" Gethsemane katika saa ngumu kuliko zote. Kisha mfungulie Yohana 17:23, Yesu anaposema kuwa Baba amewapenda walio wake kama alivyompenda yeye. Na Yohana 20:17, baada ya kufufuka, anapomtuma Mariamu kwa wale anaowaita ndugu zake, akisema anapaa kwenda kwa Baba yake naye ni Baba yao. Baba tunayepewa ni yule yule wa Yesu. Mtu aliyeumizwa anaweza kumjua huyo bila kupitia mlango wa mtu aliyemuumiza. Huenda ikachukua muda mrefu. Mwache aombe akisema Bwana hadi atakapoweza kusema Baba.

Utaulizwa: si wanadamu wote ni watoto wa Mungu? Kubali kilicho kweli ndani ya swali. Paulo aliwaambia Waathene kuwa sisi sote tu wazao wake (Matendo 17:28-29), kwa maana ya uumbaji, na kila mtu anastahili heshima kwa sababu hiyo. Lakini Yohana anasema haki ya kufanyika watoto walipewa waliompokea Mwana. Lisemee jambo hili kwa upole na bila kulipunguza, kwa maana aliyeambiwa yumo tayari hatautafuta mlango.

Wanawake nao wapewe haki yao. Katika ulimwengu ule nafasi ya mrithi iliegemea kwa wanaume, na Paulo anaiweka mikononi mwa kila aliyebatizwa katika Kristo: hakuna mtu mume wala mtu mke, nyote ni warithi kwa ahadi (Wagalatia 3:26-29). Mahali pengine anaandika neno la Mungu likiahidi "wanangu wa kiume na wa kike" (2 Wakorintho 6:18). Binti wa Mungu hapokei fungu dogo. Lisome kwa sauti, maana kuna atakayekuwa analisikia kwa mara ya kwanza.

Juu ya mateso, tembea polepole. Warumi 8:17 inawaita wana warithi pamoja na Kristo na papo hapo inataja kuteswa pamoja naye. Waebrania 12 inasema Bwana humrudi yeye ampendaye. Yote ni kweli, ila usimwambie aliyefiwa kwamba msiba wake ni fimbo ya Baba. Hujui. Unachojua ni kwamba kuugua kwake hakumtoi katika familia, kwa sababu Warumi 8:23 inawaonyesha wenye Roho wenyewe wakiugua.

Somo la mwisho nalifanyia kwenye Filemoni, waraka wa aya 25 tu. Tunausoma wote kwa mkupuo. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, anarudi kwa bwana wake, na Paulo anataka apokewe zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa. Aliyefanywa mwana hakuingia peke yake, na ndugu zake hakuwachagua yeye. Baada ya kusoma, nawaomba wanafunzi kila mmoja amfikirie mtu mmoja wa kanisani ambaye hawezi kuketi naye meza moja, kwa ajili ya ukoo wake, hali yake ya fedha, au jambo lililopita kati yao. Jina hawalitaji kwa sauti. Kazi ya nyumbani ni kumwombea kila siku hadi kipindi kijacho, maombi yakianza na "Baba yetu". Tukikutana tena, hilo ndilo ninalowauliza kwanza.