Kabla hujamchagua mwalimu wa katuni

Nafundisha fizikia kidato cha kwanza na cha pili. Tulipopata kompyuta sita za msaada, nilipakia programu yenye mwalimu wa katuni: mzee mwenye mvi, miwani na koti jeupe. Wiki ya pili nikaona wavulana ndio wanaoshika kipanya, wasichana wako nyuma wananakili majibu. Nikamuuliza mmoja mbona hasogei. Akanijibu, "Mwalimu, yule anafundisha kina kaka."

Maneno yale yalininyima usingizi. Nikaanza kusoma, nikakutana na kazi za mtafiti Amy Baylor na wenzake wa Florida State University, Marekani. Waliwapa wanafunzi wahusika wa katuni wanaozungumzia uhandisi, wakawa wanabadilisha jinsia, umri na mwonekano wao. Wasichana wa chuo walijiamini zaidi wakiongea na mhusika wa kike, kijana, wa kisasa. Katika utafiti wao wa 2009, wa wanafunzi wadogo, waliokaa na mhusika wa kike walipata hamu kubwa ya uhandisi kuliko wasiopewa mhusika yeyote.

Basi nikatengeneza wangu. Picha chache, mdomo unaocheza, na sauti ya binti niliyemfundisha zamani, leo fundi umeme. Nilimwomba asianze na mafanikio. Akaanza na siku aliyofeli hesabu kidato cha pili, akalia chooni, akarudia darasa. Chumba kilitulia. Kisha swali la kwanza likatoka kwa msichana: "Alishawahi kupigwa shoti?"

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, usimpe mhusika wako akili za miujiza. Mtoto akimwona hajawahi kukosea, anaona ile njia si yake. Tumia sauti ya mtu, kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, hata kama kitabu ni cha Kiingereza; istilahi zitafuata. Na punguza "hongera sana" za kila kitufe. Watoto wanajua sifa ya bure. Wangu husema, "Umejaribu njia nyingine, twende nayo tuone inafika wapi."

Wavulana usiwatoe nje. Wao pia wanahitaji kumsikia fundi mwanamke akieleza saketi.

Muhula huu tunarekodi mhusika wa pili. Yule binti wa "kina kaka" ndiye anayeandika maswali yake.