Maswali yenu: Mkono unapogoma kwenye gofu

Barua za safari hii zina kilio kimoja: mazoezini mambo shwari, mashindanoni mkono unakuwa wa mtu mwingine.

Shikamooni wahariri. Nina handikapu 18, yaani napewa mapigo 18 ya nyongeza, moja kwa kila shimo. Mazoezini napiga draiva, fimbo ya masafa marefu, hadi raha, lakini kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia, watu wakitazama, mpira unakatika kulia na kutokomea vichakani. Kila mtu ananiambia nitulie. Natuliaje? (Msomaji, Nairobi)

Marahaba. "Tulia" ni ushauri mtupu kwa sababu haukuambii ufanye nini. Anza na mikono. Mwenye hofu huikaba fimbo bila kujua. Kigasha kikikaza, vifundo vya mikono huchelewa kugeuka, na uso wa fimbo hufika kwenye mpira ukiwa bado wazi. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira huo utakatika kulia tu. Kwa hiyo kabla ya kupiga, bana fimbo kwa nguvu zako zote, kisha legeza mpaka ubakiwe na kama nguvu nne kati ya kumi.

Halafu ipe akili kazi. Simama hatua tatu nyuma ya mpira, uchague shabaha ndogo: tawi fulani la mti fulani, si uwanja wote. Kwenye mstari huohuo tafuta jani au kipara cha nyasi mita moja mbele ya mpira, maana kujipanga na kitu cha karibu ni rahisi zaidi. Vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita. Kule kuitoa taratibu ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo. Jaribu mkupuo mmoja hewani, sogea, tazama shabaha mara moja, piga. Tangu miguu itulie hadi mpira uondoke, zisipite sekunde nane. Ukiganda hapo, mawazo yatarudi kukusalimia. Utaratibu huu ufanye pia mazoezini, kwa kila mpira, la sivyo siku ya mashindano utakuwa mgeni kwako.

Na nani kasema lazima draiva? Par 4 (shimo la kumalizwa kwa mapigo manne) ya mita 350 ni pigo la aironi, fimbo ya chuma, la mita 140, jingine la 140, kisha 70 zilizobaki. Umefika grini, penye nyasi fupi na shimo, kwa mapigo matatu. Puti mbili, yaani mapigo ya kuviringisha mpira hadi shimoni, jumla tano, na ukitoa pigo lako la handikapu hiyo ni par.

Nikiharibu shimo moja, matatu yanayofuata nayo yanakwenda na maji. Jumapili nilipata 9 kwenye par 4, siku ikaishia hapo. Handikapu yangu ni 18 pia. (Msomaji, Arusha)

Kilichokumaliza si ile 9, ni haraka ya kuifidia. Kwanza ujue hesabu: ukiwa na pigo moja la nyongeza kwa kila shimo, kwenye par 4 alama ya juu inayoingia katika handikapu yako ni 7. Ukicheza Stableford, mchezo wa kuhesabu pointi kwa kila shimo, shimo likishafikia hapo huna pointi. Okota mpira, nenda zako. Kwenye mashindano ya kuhesabu mapigo yote, bahati mbaya, 9 ni 9.

Wakubwa nao huumbuka. Mwaka 1999 kule Carnoustie, Uskoti, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la The Open, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu, akihitaji 6 tu kwenye par 4 ili ashinde. Alichukua draiva, kisha akalenga grini kutoka kwenye nyasi mbaya, mwisho mpira ukatumbukia kwenye kijito. Alipata 7, na Paul Lawrie akashinda kwenye mchujo. Swali la kujiuliza baada ya pigo baya ni moja: pigo gani linatosha sasa? Mara nyingi ni kurudisha mpira kwenye nyasi fupi, hata kwa kwenda pembeni.

Hasira nayo iwekee mpaka. Nung'unika hatua kumi, kisha rudisha fimbo mfukoni na zungumzia kitu kingine.

Puti ya mita moja, mkono wangu wa kulia unashtuka wenyewe. Ni woga au ugonjwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Huenda vyote viwili. Jaribu bila mpira, kisha kwa mkono mmoja mmoja. Ukishtuka panapokuwa na shimo tu, shughulika na woga: puti bila shimo, ukilenga ukingo wa grini, na macho yako yakae sehemu moja ya mpira sekunde mbili kabla ya kuanza. Jordan Spieth, bingwa wa Marekani, aliwahi kuputi puti fupi akitazama shimo badala ya mpira. Lijaribu hilo pia. Badili mshiko, mkono wa kushoto uwe chini. Mjerumani Bernhard Langer aliteswa na tatizo hili, akabadili mishiko, na akashinda Masters, shindano jingine kubwa, mara mbili, 1985 na 1993. Puta (fimbo ya kuputi) ndefu inaruhusiwa, lakini tangu 2016 ni marufuku kuiegemeza mwilini. Mkono ukishtuka hata unapoandika au kushika kikombe, mwone daktari wa mishipa ya fahamu.

Tena usijihukumu bure: hata kwenye PGA Tour, ligi ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, puti za mita 2.4 huingia karibu nusu tu.

Kedi wangu, anayenibebea fimbo, hupenda kuniambia "usipige majini". Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kukutajia maji, amekuchorea maji. Patana naye kabla ya shimo la kwanza: akupe umbali na shabaha tu, "mita 135, kushoto kwa bendera", na ukishaweka miguu, anyamaze.