Muulize Fundi: Charahani Ina Mishono Mia, Leso Imemezwa

Salamu kutoka Langoni, Lamu. Barua za safari hii karibu zote ni za harusi, naanza na huyu mama manake shida yake nshaletewa na watu chungu nzima.

Asalam aleikum Bi Fundi. Dadangu kaniletea charahani ya stima kutoka Jeddah, ina mishono mia na ushee, maua, mawimbi, mpaka vijibata. Nataka nitie mawimbi kwenye leso za harusi ya mwanangu, mfungo mosi inshallah, lakini nikianza tu leso inakunjamana kama uso wa mtu alolamba ndimu, halafu inasimama papo hapo, sindano inashindilia juu kwa juu mpaka leso inamezwa na kile kitundu. Mbili zishaharibika. Mashine mbovu ama ni mimi? (Mama wa biharusi, Mkomani)

Waaleikum salaam mamangu. Si wewe wala si mashine, ni mguu. Ufungue ule mguu unaokanyaga kitambaa uupindue uangalie chini yake. Ukiwa bapa, huo ni wa mshono wa kawaida. Kwenye kile kijisanduku cha vikorokoro utakuta mwengine una mfereji katikati upande wa chini, huo ndo wa mapambo. Mshono wa pambo unalaza uzi kando ya uzi, mwengine juu ya mwengine, mpaka panafanyika kamgongo, sasa kamgongo kakikuta mguu bapa hakana pa kupita, meno ya chini yanavuta leso haiendi, na sindano haina habari inaendelea kutoboa palepale. Wengi hapo ndo huanza kuvuta kitambaa kwa nyuma, na ukivuta sindano inapinda inagonga chuma inakatika. Usivute, mkono kazi yake ni kuelekeza tu.

Hiyo ya kukunjamana ni kwa sababu leso ni nyepesi, haiwezi kubeba uzi wote ule peke yake. Itie wanga kama unavotia kanzu ya Ijumaa, ipige pasi ikauke kabisa, halafu weka karatasi chini yake ushone vyote pamoja, ukimaliza unaichana karatasi pole pole. Karatasi ya daftari inafaa, ila inafanya sindano butu kwa hivo ukimaliza leso zote badilisha. Sindano iwe namba 11, si ile 16 ya kushonea jinzi. Uzi wa juu ulegeze kidogo, kama namba iko 4 jaribu 3 hata 2, ili fundo livutwe chini lisionekane juu. Na twende pole, mguu wako kwenye pedali si wa kukimbiza punda.

Mawimbi usiyashone ukingoni kabisa. Ingia ndani kama sentimita moja, shona mpaka mwisho, ndo uje na mkasi mdogo ukate kitambaa cha nje ukifuata wimbi bila kugusa uzi. Kule kwengine kwenye ncha zilokatwa dukani, usipotaka pambo, kunja mara mbili ukunge kwa mshono ulonyooka wa milimita 2 na nusu basi, wala zigizagi haihitajiki. Pande mbili ndefu zina ukingo wake wa kiwandani, hazichanuki.

Zile mbili zilizoharibika usizitupe, ndo za kujaribia. Mimi nnacho kitambaa nilichoshona kila mshono wa mashine yangu na kando yake nimeandika kwa kalamu upana ngapi, urefu ngapi, uzi umelegezwa kiasi gani, mteja akija namuonesha achague, na mimi sikisii. Na nikwambie ukweli, katika hiyo mia na ushee utakayotumia siku zote ni kama sita hivi, hivyo vijibata nimeshona mara moja kwa bibu ya mjukuu.

(Wengine mnaoletewa mashine, kabla hujachomeka tizama nyuma imeandikwa volti ngapi. Stima ya kwetu ni 240, ikiwa imeandikwa 110 peke yake bila transfoma utasikia harufu tu.)

Bi Fundi mi nashona vile visuruali vya kubana vya watoto vya kuvaa ndani ya buibui. Mtoto akichutama tu, paap, uzi wa nyuma umekatika. Nimebadilisha uzi mara tatu. (Mwanafunzi wa ufundi, Shela)

Pole, uzi hauna kosa. Kitambaa kinavutika na mshono ulonyooka hauvutiki, mmoja lazima aachie. Weka zigizagi nyembamba sana, upana nusu milimita mpaka 1, urefu 2 na nusu, ukiitazama utadhani imenyooka lakini ukiivuta inafunguka. Mashine yako ikiwa na mshono mfano wa radi ni kazi hiyo hiyo. Kuna na ule unaokwenda mbele mara mbili unarudi mara moja, huo ni chuma, mzuri hapo matakoni, ila ukikosea kuufumua ni kilio. Kwenye lastiki ya kiunoni tumia ile zigizagi pana ambayo kila mstari una vishono vitatu vidogo, ushone huku umeivuta lastiki. Na nunua sindano ya jezi, ncha yake ni ya duara inasukuma nyuzi za kitambaa badala ya kuzikata, ukiona mshono unaruka ruka au vitundu vinatokea jua umetia ya kawaida.

Mimi ni mwanamume nimerithi charahani nyeusi ya marehemu babangu, ya kukanyaga kwa mguu. Naweza kuifanya ipige zigizagi? (Mrithi, Matondoni)

Mwenyezi Mungu amrehemu. Hiyo sindano yake inapanda na kushuka tu, na kile kibati chini kina kitundu kimoja kiduara, hakina nafasi ya sindano kwenda kushoto na kulia. Ukifosi utavunja. Vipo vifaa vya kufunga pale kwenye mguu vinavyoyumbisha kitambaa chenyewe badala ya sindano, ukivipata vya zamani vizuri. Usipovipata, kingo zisichanuke fanya hivi: shona kwanza migongo ya kitambaa ikitazamana, nusu sentimita, punguza kwa mkasi, geuza, ushone tena kwa ndani kidogo zaidi ya nusu sentimita ili zile kingo zifungiwe humo. Buibui linatoka safi kuliko la ovaloki, mi nalipenda hilo. Tena mashine hizo kwa kunyoosha mstari hazina mpinzani, mistari sita ya karibu karibu kwenye mkono wa kanzu kwa uzi wa rangi moja na kitambaa ni pambo tosha. Tone la mafuta kila ukiitumia sana, hewa ya bahari haina huruma na chuma.

Nikikata vitundu vya vifungo kile kisu cha kufumulia kinapitiliza kinakata mshono. (Faza)

Chomeka pini kwa kukingama mwisho wa kitundu, kisu kikifika kitagota hapo. Anza kukata katikati.