Mkuu, usisaini hiyo barua ya kupiga marufuku moto kijijini

Weka kalamu chini kwanza. Umeuliza mche gani upande, nafasi kati ya mti na mti, bei ya vibarua, na kama usaini barua ya wenzako. Hayo mengine tutayafikia, tuanze na barua.

Unasema nyie wenye mashamba ya paina mnaoishi Dar mnataka serikali ya kijiji huko Mufindi izuie moto wote, wa aina yoyote, mwaka mzima. Wazee wanakataa, wanataka nyasi za mipakani zichomwe mwezi wa sita. Halafu ukaandika kwamba wazee "hawajui thamani ya miti". Maneno hayo nayajua vizuri. Niliyasema mimi, kwenye mkutano wa kijiji, nimevaa buti mpya.

Aliyenifundisha kuyasema ni dalali aliyeniuzia shamba. Alijiita mshauri wa misitu, ana kofia, kifaa cha GPS kinaning'inia shingoni, na hakuna swali lililowahi kumshinda. Akaniambia barabara ya moto, yaani ule mkanda unaoachwa wazi bila miti wala nyasi ili moto usivuke, ni kulaza ardhi bure: panda mpaka ukingoni, kisha mbane jirani asiguse kiberiti. Nikaingia mzimamzima. Kwa mita 3 kwa 3 ekari inabeba miti kama 450, na mimi kila mstari niliokuwa niuache wazi nilishauhesabia mbao zake za mwaka wa kumi na nane. Hesabu zangu zilikuwa safi, nilizichapa hadi kwa rangi.

Marufuku ikapita, tukapongezana. Sasa sikia kilichofuata. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zinaotesha nyasi, kiangazi kinazikausha, na zile ambazo hazikuungua mwaka jana zinalala chini ya za mwaka huu. Baada ya misimu michache, kando ya shamba langu pakawa na godoro la nyasi kavu, na mle ndani chini ya miti kuna majani makavu ya paina yamejazana, maana hata kupogoa matawi ya chini mshauri alisema tusiwe na haraka.

Na jirani? Jirani analima ulezi, lazima asafishe shamba kabla ya mvua. Zamani alikuwa anaaga. Anamwambia mwenyekiti, anaita vijana wenye matawi mabichi na madumu ya maji, anawasha jioni upepo ukishatulia. Baada ya marufuku yetu ya kitaalamu hakuacha kuchoma. Aliacha kuaga. Aliwasha Oktoba, mchana, siku ya mnada, kijiji kizima hakipo, yeye na kiberiti chake tu. Moto ulipomshinda alikimbia, na ningekuwa yeye ningekimbia pia, kwa sababu kumwita mtu yeyote ilikuwa ni kujishtaki.

Patula, aina ya paina niliyopanda, ikiwa changa gome lake ni jembamba mno. Mlingoti ukiungua unaweza kuchipua tena kwenye kisiki. Paina changa ikipitiwa na moto wa namna ile, hesabu imekwisha. Yangu ilikuwa haijafika hata ya kutoa papi moja, ule ubao mwembamba wa kuezekea. Nilimwita mnunuzi wa kuni, akazunguka, akatikisa kichwa, akaniuliza nitamlipa shilingi ngapi aisafishe.

Najua kuna mtu hapo chini tayari anaandika "wajinga ndio waliwao". Sawa, nimeliwa, lakini nimeliwa na mtu mwenye GPS, mnipe heshima kidogo.

Dalali nilimpigia usiku uleule. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Kisha, bila hata kukohoa, akaniambia ana shamba jingine Kilolo, bei ya ndugu. Mungu gani alipokea kamisheni yangu, hilo hakunijibu. Na nilipokwenda kwa mtendaji kutaka jirani afungwe, mtendaji akaniuliza: ulitaka akuombe ruhusa ya kitu ulichokwisha kumkataza?

Kwa hiyo ninachokuambia ni kimoja: choma mapema, chomeni pamoja. Mwisho wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi ubichi, moto unakwenda polepole na mtu anaweza kuupiga tawi ukafa. Fyekeni pande zote mbili za mkanda wa mpakani, chomeni katikati, jioni, jirani akiwepo na vijana wake. Usiuruhusu uingie chini ya miti michanga. Kibali chukueni, Sheria ya Misitu ya 2002 haikuzuia kila moto, inataka ruhusa na tahadhari. Halafu pesa ya kusafisha barabara itoke mwezi huohuo. Ukiituma Septemba umechelewa, na barabara iliyoota nyasi inaupitisha moto tu.

Anayekuambia barabara ni ardhi ya kutupa, mpeleke Sao Hill hapohapo Mufindi. Ndilo shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, la serikali, na limekatwakatwa na barabara za moto ambazo watu wanalipwa kuzisafisha. Hao nao hawajui thamani ya miti?

Na msimamizi wako anayekutumia picha kila mwezi, mwambie asimame mpakani, apige kuelekea kwa jirani. Mimi nilikuwa napigiwa miti ya katikati tu, mizuri kweli, nikiwaonyesha watu ofisini.

Mche: wengi wanapanda patula, wewe hakikisha tu mbegu ina chanzo kinachojulikana. Vibarua ulizia hukohuko. Lingine nimelisahau.

Mkutano ni lini? Panda basi uende mwenyewe, usimtume mtu, na ukifika kaa upande wa wazee.