Mwanangu, njoo kabla barafu haijaondoka

Mwanangu mpenzi,

Nawasalimu sana wewe, mumeo na wajukuu wangu. Umeniuliza kama uwalete watoto huku Pond Inlet mwezi Juni shule zikifungwa, au ungoje Agosti barafu iishe, wasije wakashinda wamefungiwa ndani. Mumeo naye anataka kujua watoto wa huku hulala saa ngapi ikiwa jua halizami. Nakujibu mapema kwa kuwa viza ya Kanada ina mzunguko wake. Njooni Juni, tena mwanzoni. Hiyo barafu unayoihofia ndiyo ninayotaka watoto waikute.

Hapa hapana barabara ya kwenda mji mwingine wowote. Tuko kaskazini mwa Kisiwa cha Baffin, katika Nunavut, eneo la kaskazini kabisa mwa Kanada, watu kama 1,500, wengi wao Wainuiti, wenyeji wa asili wa huku, na wao mji wao wanauita Mittimatalik. Mbele yetu ni mlango wa bahari, Eclipse Sound, na ng'ambo yake, kilomita kama 25, kuna Kisiwa cha Bylot na milima yake. Mwezi Juni maji yote hayo bado yameganda. Barabara yetu ndiyo hiyo. Baba anafunga qamutik, tela refu la mbao lisilo na magurudumu, nyuma ya pikipiki ya theluji, anaweka juu yake kibanda cha mbao, na humo ndani wanaingia mama, bibi, watoto, magodoro, jiko, mafuta na hema. Familia nzima inaondoka, kuanzia mtoto wa mgongoni.

Ikifika Julai barafu inapasuka. Pikipiki haziwezi tena kupita, mashua nazo hazijaweza, basi watu wanakaa mjini wakitazama bahari, kama manahodha wetu walivyokaa wakingoja kusi. Agosti maji huwa wazi, meli za mizigo zinaleta shehena ya mwaka, kazi ni nyingi. Ni wakati mzuri pia, sikatai. Ila ukitaka kuwajua watu hawa, waone Juni.

Sasa habari ya usingizi. Tangu mwanzoni mwa Mei hadi wiki ya kwanza ya Agosti jua halizami kabisa, linazunguka tu angani. Swala zangu nakadiria kwa saa, kama wanavyuoni walivyofundisha kwa nchi za namna hii. Watoto nao utawakuta wanacheza mpira nje saa nane za usiku, na hakuna anayewagombeza. Najua ukisoma hapa utasema huo si ulezi. Mwanzoni nami nilishangaa, lakini nimekuja kuuona utaratibu wake. Usiku jua huwa chini, theluji hukaza, na tela hupita vizuri. Mchana theluji hulainika na pikipiki huzama katika majimaji. Kwa hiyo familia husafiri usiku na kulala mchana, na mtoto aliyezoea hivyo kambini hawezi kubadilika siku anayorudi mjini. Kambini mtu anakula akiona njaa, analala akichoka. Wenye kazi za ofisini na sisi wa kituo cha afya tunaziba madirisha kwa blanketi nzito na kulala kwa saa. Wajukuu wangu watalala chumba kilichozibwa, mwambie mumeo asiwe na wasiwasi.

Huko kambini wanafanya nini? Wanavua. Wanatoboa barafu ya ziwa, au wanakaa kwenye ufa, wanateremsha ndoana na kuichezesha juu chini, na anayetoka ni samaki mwenye nyama nyekundu, wa jamii ya samoni, mtamu kuliko unavyoweza kufikiri. Mtoto wa miaka mitano anavua wake mwenyewe, na wote wanamshangilia. Wengine wanakwenda hadi ukingo ambapo barafu inaishia na bahari wazi inaanza. Hapo narwali hupita, wale nyangumi wenye jino refu lililosokotwa kama pembe. Ngozi yake na mafuta yaliyo chini yake huliwa mabichi, na mwindaji akipata hawezi kula peke yake, vipande vinapelekwa nyumba kwa nyumba. Nami huletewa. Nyangumi ni kiumbe cha bahari, na sisi Mashafii hukumu yake tunaijua, basi napokea kwa moyo mweupe. Wakati huohuo bata bukini weupe wanataga Bylot, na watu huokota mayai.

Wazee wengi wa hapa walizaliwa kwenye kambi hizohizo. Mpaka miaka ya 1960 familia ziliishi huko mwaka mzima, ndipo shule na nyumba za serikali zikawavuta mjini. Kwa hiyo bibi anapomwonyesha mjukuu mahali hema la babake lilipokuwa, hayuko matembezini. Yuko kwao. Hilo ndilo ninalotaka watoto wako walione, kwamba kuna watu ambao mahali hapa, ambapo sisi tunaona theluji na mawe tu, ni nyumbani, na kila mwamba una habari yake.

Na kuna jambo litakalokugusa. Huku mtoto akizaliwa hupewa jina la mtu aliyefariki karibuni, awe mwanamume au mwanamke, na tangu siku hiyo anaitwa kwa udugu wa yule marehemu. Jirani yangu ana mtoto wa kiume wa miaka minne, na anamwita "mama", kwa sababu amebeba jina la marehemu mama wa jirani huyo. Anamtengea kipande cha samaki alichokipenda mama yake. Mtoto akikasirika, anabembelezwa kwa adabu. Nilipomweleza kwamba binti yako amepewa jina langu, na kwamba nyinyi mkimgombeza mnajizuia kwa kuwa mnanitaja mimi, alinishika mkono, akaniuliza somo yangu atakuja lini. Tangu hapo kila tukionana ananiuliza. Kwa hiyo usidhani mnakuja kwa wageni.

Sasa maandalizi. Makoti na buti msinunue huko, nitawaazimia hapa. Joto la Juni ni karibu na sifuri au nyuzi chache juu yake, na juu ya barafu kuna madimbwi ya buluu, kwa hiyo buti za mpira ni lazima. Miwani ya jua nunua mizuri, kila mtoto wake, yenye kinga ya pembeni. Hili nasema kama muuguzi. Jua likigonga theluji mwanga unarudi machoni na kuyaunguza, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, mtoto asiweze kufumbua jicho. Wazee walichonga miwani ya mfupa au mbao yenye ufa mwembamba tu wa kuonea, kwa sababu hiyohiyo. Dubu pia wapo, hasa kuelekea ukingo wa barafu. Hatuendi popote bila mwenyeji anayeijua barafu na mwenye bunduki, na watoto hawaondoki machoni pake.

Safari mtaruka hadi Ottawa, kisha Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, ni kama saa tatu, halafu ndege nyingine kuja huku. Juni kuna ukungu, na ndege ikishindwa kutua mnarudishwa, basi acheni siku mbili tatu za akiba kila upande, na watoto wawe na vitabu na chakula mkononi.

Mniletee iliki, tangawizi kavu na doti mbili za kanga, moja ya jirani yangu, ameipenda ile yangu ya kisutu. Na nijulishe tarehe kamili shule inayofunga, nianze kutafuta tiketi za kutoka Ottawa, maana ndege za huku ni ndogo na nafasi zinakwisha upesi.

Mamako