Bia niliyoifuata niliinywa, lakini sikuionja

Juzi msomaji mmoja ameniuliza: "Kaka, mtu anaendaje kwenye tamasha la bia na kurudi akikumbuka alichokunywa?" Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Swali lake limegusa kidonda kibichi.

Nimejisifu miaka mingi kwamba mimi si mlevi, ni mwonjaji. Marafiki zangu wamechoka kunisikia baa nikiwaeleza habari za kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Basi wiki tatu zilizopita nikaenda kwenye tamasha la wapikaji wadogo wa bia. Bia moja tu ndiyo iliyonitoa nyumbani: bia nyepesi ya shayiri, asilimia 4 ya kilevi, inayopikwa na dada mmoja kwa kiasi kidogo mno. Nikajiambia hiyo nitaiweka ya mwisho, niifaidi.

Nikaanza na nyeusi nzito ya asilimia 9. Halafu nyingine ya asilimia 10, iliyolazwa kwenye mapipa ya mbao yaliyowahi kuwa na wiski, tamu hiyo, usiulize. Nikarudia. Nikapitia mbili chungu zilizojaa hopsi. Yaliyofuata hapo katikati nayaruka, kwa heshima yangu mwenyewe.

Nilipofika kwenye meza ya yule dada, ulimi wangu ulikuwa kama mkeka. Akanimiminia taratibu, akiinamisha glasi, povu likapanda jeupe likatulia. Nikanywa. Na kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, nikasema: "Mbona kama maji?"

Akanitazama. "Umeanza na zipi, kaka?"

Nikamtajia, tena kwa majivuno. Akatikisa kichwa, akamgeukia mteja aliyefuata. Hakunitukana. Angenitukana ningelala usingizi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, jibu ni hili: anza na nyepesi. Uchungu wa hopsi, ukali wa kilevi na ladha ya kimea kilichochomwa hubaki mdomoni, na bia ya upole ikija nyuma yake haisikiki. Tena tunahesabu vikombe badala ya kilevi. Kikombe kimoja cha asilimia 10 ni sawa na viwili vya asilimia 5. Kule Denver, Marekani, kwenye Great American Beer Festival, wanakumiminia mililita 30 hivi kwa mara moja, na watu hawajisikii wamepunjwa. Mimi nilikuwa naomba nijaziwe. Kunywa maji katikati, gari liache nyumbani, na anza na nyepesi.

Baa za kawaida nako nina donda la zamani. Mahali fulani niliwahi kuletewa bia ya bomba inanuka siki. Nilipomwambia mhudumu, akajibu, "Bia ni bia, bosi," wenzangu wakacheka, nami nikaimaliza yote kwa aibu. Sasa hivi nisingeimaliza. Harufu ya siki mara nyingi inatoka kwenye mipira na mabomba yasiyosafishwa. Nayo glasi ina ushahidi wake: ukiona mapovu yamenata kwenye kuta zake, hapo kwenye bia, chini ya povu, ujue glasi ni chafu. Chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyokaa juani nayo huvunda, maana mwanga huharibu hopsi, ikanuka kama kicheche. Ndiyo sababu chupa nyingi ni za kahawia. Rudisha! Umelipa kwa fedha yako, unamwogopa nani?

Na hii tabia ya kutaka bia iwe baridi kama barafu, mniwie radhi, ni njia ya kutoonja kitu. Baridi kali huficha ladha, nzuri na mbaya. Uingereza bia ya pipa la kiasili hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13, na wageni huilalamikia kuwa ni ya moto. Iache glasi mezani dakika chache kabla hujailaumu.

Faida ya bia inayopikwa karibu nawe ni kwamba haijasafiri. Harufu ya hopsi hufifia kadiri miezi inavyopita, na aliyeipika mara nyingine umesimama naye uso kwa uso. Hata Oktoberfest, lile tamasha la bia la Munich, Ujerumani, lililoanza mwaka 1810 kwa sherehe ya harusi, na ukubwa wake wote, linauza bia za viwanda sita tu, vyote vya mji huohuo. Muulize mpikaji amepika lini. Muulize ametumia nini. Muulize kabla hujalewa, nasisitiza.

Nimesikia yule dada atakuwa kwenye tamasha jingine mwezi ujao. Nitafika milango inapofunguliwa, sijagusa tone. Ninachowaza mpaka sasa ni kama niombe radhi kwanza au ninyamaze nisubiri zamu yangu, nikitumaini amenisahau.