Swali la lugha: jeni "imebadilika", "imezimwa" au "imemethilishwa"?

SWALI: Natafsiri kipeperushi cha wagonjwa wa uvimbe wa ubongo hapa Dar es Salaam. Sentensi moja inahusu jeni ya MGMT yenye umethilishaji na faida ya dawa ya temozolomidi. Nimeandika: "Jeni ikibadilika, matokeo ya mgonjwa huwa mazuri." Mhariri ameikataa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Upanga)

JIBU: Mhariri ana haki. "Jeni imebadilika" humfanya msomaji aelewe kwamba herufi za jeni zimegeuka. Umethilishaji hauzigusi. Kikundi kidogo cha methili, kaboni moja na haidrojeni tatu, hupachikwa kwenye herufi ya DNA iitwayo sitosini, pale inapofuatwa na herufi iitwayo gwanini. Vikundi hivyo vikijaa kwenye sehemu ya kuwashia jeni, jeni huzimika na maandishi yake yakabaki vilevile. (Sehemu hiyo wapo wanaoiita "promota". Siishauri, mjini hapa promota ni mtu wa ngumi.)

Kitenzi ni methilisha, kwa njia ileile iliyotupa taifisha na binafsisha, na nomino yake umethilishaji. Chunga irabu ya kwanza: "imemithilishwa" maana yake imefananishwa, na kompyuta inaweza kukusahihishia hivyo bila kukuuliza.

Ugumu hasa uko kwenye kauli ya kutendwa. Ukiandika "imemethilishwa", msomaji atauliza: na nani? Akiwa ametoka kusoma habari za temozolomidi, atajibu: na dawa. Hapo maana imepotea, kwa sababu methili zimo mara mbili katika habari hii. Za kwanza zimo kwenye jeni ya MGMT ndani ya uvimbe kabla ya matibabu. Za pili huletwa na dawa yenyewe: temozolomidi hupachika methili kwenye gwanini za DNA ili kuiua seli. Protini ya MGMT huziondoa hizo za dawa, kila protini methili moja tu, kisha haitumiki tena. Jeni ikiwa imezimika, protini hupungua, jeraha la dawa halitengenezwi, seli hufa. Kwa hiyo weka "tayari" au "kabla ya matibabu" kila mara. Kwa mgonjwa ningechagua "imezimika" badala ya "imezimwa", maana kauli ya kutendeka haimtafuti mtendaji. Ila ongeza papo hapo kwamba huku kuzimika kunaisaidia dawa. Kitu kilichozimika kwa kawaida ni habari mbaya.

Kosa la pili ni "matokeo". Hospitalini mtu husubiri "majibu", na "matokeo" wengi huyapeleka kwenye mitihani ya shule. Taja kilichopimwa. Katika utafiti maarufu wa mwaka 2005 kilichopimwa ni muda wa kuishi. Kwa wenye umethilishaji, waliopata mionzi pamoja na temozolomidi walikuwa na mediani (muda ambao nusu yao waliupita) ya miezi 21.7; waliopata mionzi kwanza bila dawa hiyo, miezi 15.3. Kwa wasio na umethilishaji ilikuwa 12.7 na 11.8. Usiandike "wagonjwa huishi miezi 21.7", kwani familia itaanza kuhesabu siku. Andika "nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 21.7".

"Vinasaba" ni neno zuri, lakini katika kipeperushi hiki liache. Kwa wakazi wengi wa jiji, kipimo cha vinasaba ni cha kumtambua baba wa mtoto. Andika "DNA ya uvimbe", na ueleze kwamba kinachopimwa ni kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ikiwa kabla ya matibabu jeni ya MGMT ndani ya uvimbe imezimika kwa umethilishaji, dawa ya temozolomidi huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurefusha maisha ya mgonjwa." Ni ndefu, lakini hakuna neno la kupunguza hapo.

Kwa ambao jeni yao haikuzimika, usigeuze tu ukanushi ukaandika "dawa haifanyi kazi". Tofauti ya 12.7 na 11.8 ni ndogo, si sifuri, na uamuzi wa kutumia dawa ni wa daktari. "Faida yake huenda ikawa ndogo" inatosha.